Eda Katika Chumba cha Tiketi

Jumatatu, 6 Januari 1992

Uji wa mtama bila chumvi. Nakaa ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili ya chumvi na sina hata chembe ya kutia chunguni. Binti yangu Zuena kacheka. Mimi sikucheka.

Nimefagia. Mchanga unaingia kwa dirisha la tiketi, nautoa, kesho umerudi. Kisha nimekaa. Ndiyo kazi yangu tangu mume wangu Shee afe: kukaa eda. Sitoki. Sijitii wanja. Sijipaki mafuta ya kunukia. Sisemi na mwanamume wa kando ila nyuma ya pazia, tena kwa dharura. Nina nguo nyeupe mbili, moja mwilini, moja kambani.

Nilikuwa nikidhani eda ni ya wanawake waliowapenda waume zao. Kumbe ni ya kila mjane, hata mimi.

Jumatano, 8 Januari

Siku nzima sina la kufanya ila kuutazama ukuta, na ukuta huu naujua ulikotoka. Bora niandike.

Mji wetu unaitwa Stesheni. Zamani hapakuwa na mji. Palikuwa na mikoko na mbu, na kisiwa cha Chula ng'ambo ya maji. Wataliani wakachimba mashamba ya chumvi kule ndani, mwisho wa hori, wakataka njia ya kuileta chumvi mpaka penye maji ya kina. Babu yangu mzaa mama alikamatwa Chula akishona tanga. Akaletwa na kamba kiunoni. Yeye na wenziwe wakajenga stesheni hii, wakalaza reli juani. Aliyechoka alichapwa. Aliyekufa alizikwa kando ya njia, na njia ikaendelea. Nilipokuwa mdogo Babu alikuwa akinionyesha kwa kidole: hapa fulani, pale fulani. Hakuna aliyeandika majina yao popote.

Garimoshi lenyewe lilikuwa dogo, la kuchekesha. Babu hakulipanda hata mara moja. Lilipandwa na chumvi na Mtaliani.

Halafu Wazungu wakapigana wao kwa wao. Waingereza wakaja, wakalipakia garimoshi melini, wakaenda nalo. Reli ikabaki. Tangu siku hiyo toroli zikasukumwa kwa mikono. Mikono ya nani? Yetu.

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimemkasirikia marehemu. Dhambi, najua.

Watu wanasema Shee alikufa shujaa. Alikufa mpumbavu. Lile kundi la kwanza la wenye bunduki lilipokuja kung'oa reli kule kwenye mashamba ya chumvi, kila mwanamume mwenye akili aliingia mikokoni. Yeye akavaa kofia yake ya serikali. Serikali yenyewe imekimbia Mogadishu tangu mwaka jana, yeye kavaa kofia! Akafuata njia kwa miguu, akawaambia hii ni mali ya umma na yeye ndiye mlinzi wake. Wakampiga kitako cha bunduki kifuani. Aliletwa juu ya toroli. Siku ya tatu akafa.

Kabla ya kukata roho aliuliza kama toroli imerudishwa bandani. Hakuuliza nitakula nini. Hakumuulizia Zuena, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa amemshika mkono.

Nimelia leo, lakini kwa hasira.

Alhamisi, 16 Januari

Wamekuja wengine. Gari lenye bunduki kubwa mgongoni na vijana wamekaa juu yake, miguu inaning'inia. Mkubwa wao wanamwita Dheere, yaani mrefu. Mrefu kweli. Walitaka stesheni, kwa sababu ndiyo nyumba ya mawe pekee hapa na kwa sababu reli inaanzia mlangoni kwetu.

Mize ndiye aliyesimama mlangoni. Mize ni mke wa shemeji yangu Athmani, ndugu wa Shee. Mnene, mfupi, kimya siku zote. Leo alipanua mikono akawaambia kwa Kisomali, humu mna mjane, yumo eda, hamuingii. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimemkumbatia Zuena kichwa.

Dheere akaitazama ile nguo nyeupe kambani. Kwao pia mjane huvaa nyeupe. Akasema, "Hooyo, mama, kaa. Hakuna atakayeingia." Akawapeleka vijana wake kwenye stoo ya mizigo na barazani, pale garimoshi lilipokuwa likisimama.

Kwa hiyo sasa nina walinzi. Kundi moja lilimuua mume wangu, kundi jingine linanilinda nikimlilia. Wanatafuta chuma kilekile.

Jumatatu, 20 Januari

Wanaume wote wa mji wamewekwa kazini. Wanang'oa reli kuanzia mwisho wa hori kuja huku, wanazipakia toroli, wanazisukuma mpaka gatini. Mashua zetu zinazipeleka kwenye jahazi la wanunuzi lililotia nanga nje ya miamba. Matanga yote yamefungiwa stoo. Mashua inaruhusiwa upondo tu, ule mti wa kusukumia, na mwenye bunduki ndani.

Nasikia magurudumu yakipita chini ya dirisha langu. Tangu nizaliwe nilizoea kuona wanaume wetu wakisukuma chumvi. Sasa wanasukuma njia yenyewe.

Wanawake wamegundua kwamba chumba changu hakiingiliwi. Kila mwenye binti anakuja "kunifariji" na bintiye. Leo walikuwa wengi mpaka nikakunja miguu. Wananiambia pole, nawaambia nimeshapoa, wanaketi. Wengine hawakuja kunizikia mume.

Ijumaa, 24 Januari

Lile nililoliogopa limetokea.

Dheere amemwona Zuena birikani akichota maji. Baada ya sala ya Ijumaa amemwita shemeji Athmani, ambaye ndiye imamu wetu na ndiye walii wa mtoto sasa kwa kuwa baba yake hayupo. Amemposa. Kwa heshima zote. Na sukari ameleta, na kitambaa. Mwanaume wa makamo, na huko kwao ana wake wawili, amesema mwenyewe bila kuulizwa.

Zuena ana miaka kumi na sita. Anauma kucha. Bado analala amenishika nguo.

Athmani alimjibu kwamba nyumba iliyo kwenye eda haizungumzwi ndoa ndani yake. Dheere akasema ni haki, atangoja mama atoke eda. Akaondoka. Na watu wanamsifu! Mtu muungwana, wanasema, angetaka si angemchukua tu? Tumefika mahali mwizi akibisha hodi tunamshukuru.

Sukari sikuigusa. Nimemwambia Mize aigawe kwa wasukuma toroli.

Jumamosi, 25 Januari

Sasa kila kitu ni hiki: Zuena atoke hapa kabla mimi sijatoka eda. Sina fikra nyingine. Nikisali nasahau rakaa.

Njia ya nchi kavu kwenda Burgao ina watu wenye bunduki ambao hata kubisha hodi hawajui. Njia ya maji ina mashua, na mashua zina walinzi.

Jumatatu, 27 Januari

Nimchukie Athmani vipi zaidi ya hivi?

Jana Dheere alituma kijana aulize eda yangu inakwisha lini. Nikamjibu kupitia Mize: baada ya Ramadhani. Uongo, ndiyo. Nilitaka kujivutia siku. Nani angejua? Ni mimi ninayekaa humu.

Dheere akamtaka Athmani ahakikishe. Na Athmani, mtu wa Mungu, mwenye kisigino cheupe kwa udhu, akahesabu miezi kwa vidole mbele ya watu na kumwambia: nusu ya Shaabani, kabla ya Ramadhani. Yaani mwezi ujao.

Nilimwita hapa penye pazia. Nilimwambia, umemuuza mtoto wa ndugu yako. Akanyamaza. Nikamwambia, ulishindwa kunyamaza kule ukaja kunyamaza huku? Akasema, "Eda ni hukumu ya Mungu, Mwana Esha. Siwezi kuizidisha wala kuipunguza kwa sababu namcha mchu."

Namcha mchu! Nani aliyemwambia amuogope mtu? Nilimwambia amwogope Mungu amwonee huruma yatima.

Akaondoka. Anatembea taratibu kama anayeenda kununua samaki.

Jumamosi, 1 Februari

Reli imebaki nusu. Najua kwa sauti. Zamani toroli ilikuwa ikichukua muda kufika, sasa inarudi upesi.

Nilikuja nyumba hii bibi harusi. Ilikuwa zamani za serikali ya mapinduzi. Walikuja na rangi, wakaandika jina la mji ukutani kwa herufi kubwa, wakaleta bendera. Mradi wa chumvi na samaki. Shee akapewa kofia, filimbi, na mshahara. Kila mtu alisema nimepata mume wa serikali. Jioni walimu vijana kutoka Kismayu walitufundisha kusoma barazani, wanawake kwa wanaume, herufi za Kisomali. Mimi nikazichukua zile herufi nikaandikia lugha yangu. Ndizo ninazoandikia sasa. Hicho nakubali, nilikipata hapa. Kimoja.

Chumvi ikalowa stoo kwa sababu gari la kuichukua halikuja. Samaki wakaoza kwa sababu barafu haikuja. Kisha mshahara haukuja. Mradi ukafa bila mtu kutangaza msiba. Wenzake wote wakarudi baharini, Shee akabaki. Anatia mafuta magurudumu. Anafagia baraza. Anapuliza filimbi wakati toroli tupu inaondoka, watoto wanamcheka. Mimi nilikuwa nikisuka majamvi na kuuza ili yeye alinde.

Mara moja nilimwuliza, unamlindia nani? Akasema, watarudi tu.

Walirudi kweli, na bunduki.

Alhamisi, 6 Februari

Mwezi wa Shaabani umeandama. Dheere amechinja mbuzi. Ananihesabia.

Mize amekuja akaketi karibu kabisa, mdomo sikioni. Nilidhani analeta maneno ya mumewe, nikataka kumfukuza. Kumbe kaja na lake.

Amenikumbusha jinsi nyanya zetu walivyokuwa wakimtoa mjane eda. Walimteremsha pwani. Alfajiri, maji yamejaa, wanawake wote wa mji pamoja naye, ngoma ndogo, nyimbo. Mjane anaingia baharini na nguo zake za eda, anazivua humo majini, zinachukuliwa na maji, anavishwa mpya. Na mwanamume yeyote haruhusiwi kutazama. Jicho la kwanza la kiume likimwangukia mjane asubuhi ile, nuksi yote ya kifo inamhamia mwenye jicho. Wanaume wa Chula walikuwa wakijifungia majumbani mpaka ngoma inyamaze. Mama yangu alimwona nyanya akiteremshwa.

Wanawake wote wa mji. Pwani. Alfajiri. Na hakuna mwanamume anayetazama.

Nilimshika Mize mkono mpaka akasema namuumiza.

Ijumaa, 7 Februari

Furaha imeisha asubuhi hii hii.

Mila hiyo ilikufa. Na aliyeiua ni nani? Athmani! Alipofanywa imamu, akiwa kijana, hutuba yake ya kwanza ilikuwa hiyo. Ushirikina. Mambo ya kijinga. Mjane aoge nyumbani kwake, aswali, yameisha. Alipiga marufuku, na watu wakamtii, na hakuna mjane aliyeteremshwa pwani hapa tangu siku hiyo.

Dheere si mjinga. Akisikia wanawake wote wanataka kwenda pwani alfajiri, atauliza. Atamwuliza imamu. Na imamu atasema kweli, kwa vidole.

Mize anasema hatamwambia mumewe kitu. Usimwambie, nimemjibu, lakini Dheere hatamwuliza mke.

Jumapili, 9 Februari

Tumepanga hivyo hivyo. Hatuna jingine.

Mashua mbili hulala gatini. Matanga hayatatoka, lakini hapa mpaka Chula maji ni ya ndani, upondo unatosha, na hakuna mwanamke wetu asiyejua kushika upondo. Chula kuna ndugu wenye matanga. Kutoka Chula mpaka upande wa Kenya upepo wa sasa unasukuma wenyewe.

Wanaume hawawezi kuja. Wanahesabiwa kila asubuhi kama mbuzi. Kila mwanamke anajua anamwacha nani. Hatulizungumzi. Tunazungumza pondo ngapi, maji ya kunywa, nani atawabeba wazee.

Mize anasema yeye atabaki na Athmani. Nimemwambia afanye atakavyo. Nilisema kwa ukali. Sijui kwa nini.

Zuena nimemwambia yote. Ameanza kuuma kucha za mkono wa pili.

Alhamisi, 13 Februari

Niandike upesi kabla sijasahau ilivyokuwa.

Leo Mize amekwenda kumwomba Dheere ruhusa, mbele ya watu, barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la tiketi, ubao umefungwa, lakini una ufa. Nilimwona Dheere amekaa juu ya rundo la reli. Athmani alikuwa ametoka kuswalisha adhuhuri.

Mize akaeleza. Dheere akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia Athmani. "Mwalimu, hii ni kweli? Mimi sijaisikia Kismayu."

Nikasema basi. Nikamvuta Zuena nyuma yangu, sijui kwa nini, kana kwamba Dheere angepita kwenye ule ufa.

Athmani aliiangalia mikono yake. Kisha akasema, kwa Kisomali safi, bila kutetemeka:

"Ni kweli. Ndivyo tufanyavyo tangu zamani. Mwanamume akimwona, haponi. Mimi mwenyewe nimezika waliotazama."

Vijana wa Dheere wakatazamana. Mmoja akacheka, mwenziwe akampiga kiwiko. Dheere akauliza, "Na watu wangu wa gatini?"

"Waite huku," akasema Athmani. "Nyote mje mswali nyuma yangu hapa barazani. Kibla ni kaskazini, bahari itakuwa mgongoni. Mchu aliye ndani ya sala hageuki."

Dheere akakubali. Akasema siku hiyohiyo baada ya sala isomwe hutuba ya ndoa.

Nimezika waliotazama! Mtu aliyekataa kuniongezea mwezi mmoja.

Jioni alikuja penye pazia. Akasema, "Shemeji, Mize aende nawe. Amekataa kunisikia. Wewe atakusikia."

Nikamwambia, na wewe?

"Mi nchasali," akasema. Ati yeye atasali.

Nikamwambia, Athmani, wanajua kuhesabu. Wataanza na wewe.

Akasema nimsamehe kwa ile siku ya vidole. Kwamba angeizidisha eda angekuwa amesema uongo juu ya Mungu, na hii ya leo ni uongo juu ya wachu tu, na huo atauzungumza mwenyewe na Mola wake. Akasema mila ile aliikataza na bado anaona ni upuuzi. Hata leo hakuacha kunifundisha.

Sikumwambia nimekusamehe. Kuna kesho.

Jumatatu, 17 Februari

Kesho.

Toroli zimesimama tangu asubuhi. Reli ya mwisho iling'olewa mbele ya mlango wetu, hapa hapa. Wamemaliza. Mchanga una alama mbili tu, tayari upepo unazifuta. Babu alilaza, mume wangu akalinda, na majirani zangu wameng'oa. Kazi yote hiyo ya watu wa mji mmoja.

Mize nimemwambia atakuja hata nimburute. Amelia. Amekubali.

Nguo nyeupe zote mbili nimezivaa moja juu ya nyingine. Zuena amelala, au anajifanya.

Alhamisi, 20 Februari. Chula

Tumefika. Tupo nyumbani kwa binamu ya mama. Mikono yangu ina malengelenge, naandika kwa tabu.

Ilikuwa hivi. Ngoma ikapigwa. Nikatoka nimefunikwa, wanawake mbele na nyuma, watoto wa kike katikati. Barazani walikuwa wamejipanga safu, bunduki zimelazwa chini mbele yao, Athmani mbele ya wote. Na wanaume wetu pia, safu ya nyuma. Migongo tu. Nilipita nyuma ya migongo ile yote na mmoja ulikuwa wa ndugu yangu wa kunyonya naye, na hakugeuka.

Athmani akapiga takbira tulipofika mchangani. Alfatiha. Kisha akaanza sura. Si ya alfajiri za kawaida. Ndefu kuliko zote katika Kurani. Nikaijua, Mize naye akaijua, akasimama. Nikamvuta.

Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye gati, bamvua. Tukaingia mashuani. Wazee wakabebwa. Waliobaki pwani mpaka dakika ya mwisho wakiimba ni wanawake wanne wenye sauti kubwa, nao wakaingia majini wakiimba, tukawapandisha wakiimba. Sikuoga. Sikuvua nguo. Nilishika upondo. Zuena aliketi miguuni pangu, nikawa nampiga goti kila ninaposukuma.

Sauti ya Athmani ilitufuata. Alfajiri hakuna upepo, sauti inakwenda mbali juu ya maji. Alikuwa na sauti nzuri, hilo hata mimi sikuwahi kulikana. Tulifika nusu ya njia bado anasoma rakaa ya kwanza. Mize alikuwa ameigeukia pwani, midomo inasoma naye. Halafu hatukusikia tena, sijui ni umbali au alirukuu.

Mlio wa bunduki hatukuusikia. Tulisema labda wamemwacha.

Jumapili, 23 Februari. Chula

Si labda.

Mmoja wa wasukuma toroli amevuka hapa juu ya gogo. Ametueleza. Baada ya salamu Dheere alisimama akatazama bahari. Mashua zilikuwa zinakaribia Chula. Hakupiga kelele. Akamwuliza Athmani, imamu anasema uongo? Athmani akajibu, mara hii moja tu. Akapigwa risasi palepale barazani. Wengine hawakuguswa, wamechapwa tu, wanapakia.

Kilichomuudhi Dheere si msichana. Wasichana wako wengi. Ameudhika kwamba alisimama nyuma ya mtu akaamini.

Bati wamelishusha. Milango wamechukua. Wamechukua hata pazia langu. Stesheni haina reli wala paa, na watu wake wako mikokoni. Hiyo ndiyo habari yake yote, sina la kuongeza.

Mize hakupiga ukelele. Aliuliza alizikwa na nani. Akaambiwa, wanaume wa mji, kando ya njia.

Kesho tunapanda kwenda Kiunga. Chula nako wanafunga mizigo.

Alhamisi, 5 Machi. Kenya

Ramadhani imeingia. Tupo kambini, nje ya mji, mahema mengi, mchanga mwekundu. Watu wanatuuliza sisi ni Wasomali au ni nani. Tukisema Kiswahili chetu wanatabasamu. Tukisema tulikotoka wanaacha kutabasamu.

Mize yumo eda. Hakuna chumba, kwa hiyo nimekata kanga mbili, nimezishona, nimezitundika pembe ya hema. Yuko nyuma yake. Nyeupe hatukupata, amevaa kaniki. Mimi ndiye ninayempelekea chakula, ndiye ninayewajibu wanaume wanaokuja kuandikisha. Nawaambia humu mna mjane, rudini mkazungumze na mimi huko nje. Wanarudi. Nimekuwa mkali kweli.

Leo mwanamke wa hema la jirani, wa kisiwa cha Ngumi, ameniuliza aliyefiwa ni nani kwangu. Nikasema mke wa shemeji. Akauliza, huyo shemeji alikuwa mchu wa namna gani? Nikamwambia alikuwa imamu wetu na sikuwahi kumpenda. Akanitazama. Nikajifanya nachochea moto.

Mize ameniita kupitia kanga. Anataka kujua kama magharibi imekaribia. Nimemwambia bado.

Zuena nilimtuma maji bombani. Foleni ni ndefu, jua kali. Nilisimama mlangoni muda wote. Amerudi.